Bolti Sita, Kutoka Mjimwema hadi Mabibo

Mliniuliza ofisini kwa walimu, wengine mkanipigia simu: ilikuwaje nikaaga naenda Temeke mara moja, nikarudi siku ya tatu mikono mitupu, na tangu hapo nimekuwa mtu wa kujibu kwa mkato? Niliwaambia ni foleni. Foleni ilikuwepo, na pantoni nalo lilitutesa, lakini si hivyo vilivyonirudisha katika hali mliyoniona. Nimeona niandike mara moja nyote msome, nisilazimike kuyasema haya mara tisa kwa watu tisa. Msinihurumie kabla hamjafika mwisho.

Mnanijua, mimi ni mtu wa Rungwe, bahari niliikuta ukubwani. Nilioa Kigamboni, na miaka mitatu iliyopita mimi na shemeji yangu Athumani, mdogo wa mke wangu, tulinunua boti ya faiba na mashine ya nguvu ya farasi kumi na tano. Jina kwenye karatasi lilikuwa langu, ujuzi wa bahari ulikuwa wake. Msaidizi wake botini alikuwa Seif, mtu wa miaka thelathini na ushee kutoka Mtoni, mchapakazi na mtani kupita kiasi.

Mashine ya boti inapozwa na maji ya bahari yanayopita ndani yake, na yale maji yanaacha chumvi. Kwa hiyo kila wakirudi, Athumani na Seif walikuwa wanaishusha, wanaileta nyuma ya nyumba yangu Mjimwema, wanaitumbukiza kwenye pipa la bluu na kuiwasha dakika kumi isafishike. Kulijaza pipa ilikuwa kazi yangu. Nilikuwa nachota kisimani kwangu mwenyewe, ndoo kumi na mbili, nikitoka shule, nikiwa nimekunja suruali. Nilikuwa najivunia kazi ile, maana ndiyo peke yake niliyoiweza katika mambo yote ya boti.

Miezi miwili hivi iliyopita mashine ilichemka wakiwa nyuma ya visiwa, ikazima, ikakataa kuwaka. Upepo ukawa unawasukuma nje. Nchi kavu ilikuwa bado inaonekana. Seif akajifunga dumu tupu kifuani akasema anakwenda kuita watu, akaruka. Athumani aliokolewa kesho yake asubuhi na boti ya watu wengine. Dumu lilipatikana siku hiyo hiyo. Seif alipatikana siku ya tatu.

Hazikupita siku nyingi, maneno yakaanza. Mashine za namna ile hazina mahali pake pa kuwekea oili. Oili inachanganywa kwenye petroli, na ukisahau au ukibana matumizi, vyuma vinasagana ndani mpaka vinakwama. Huko Mtoni ikasemwa kwamba Athumani alitia petroli kavu ili abane senti mbili tatu, na kwa hiyo ameua. Baba yake Seif, Mzee Kibwana, fundi seremala aliyekwisha kustaafu, hakupayuka wala hakutukana. Alisema jambo moja mbele ya mjumbe: mashine ifunguliwe akiwa anaona kwa macho yake, kabla ya arobaini ya mwanawe. Siku ya arobaini watu watakusanyika kwenye dua, naye ama atamsamehe Athumani hadharani au ataondoka hapo na kwenda polisi. Arobaini ilikuwa Jumamosi. Mzee alifika kwangu Jumatano asubuhi.

Nyuma ya nyumba

Alikuja peke yake, amevaa kanzu na koti la suti, mkononi ana mfuko wa rambo wenye mkate. Nikamwamkia, akaitikia, akakataa chai. Akataka kuiona mashine. Ilikuwa imelala kwenye matairi mawili, imefunikwa turubai, na Athumani amesimama kando yake mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini.

Tulikuwa tumemwita fundi wa pikipiki wa jirani. Kazi ilikuwa ndogo kwa kuitaja: kufungua silinda hedi, yaani kile kifuniko cha juu kinachofunika pistoni na njia za maji. Bolti sita tu. Fundi akapachika spana kwenye ya kwanza, akavuta, haikusogea. Akachomeka bomba refu kwenye mpini wa spana ili apate nguvu, akavuta tena kwa uzito wake wote. Tukasikia mlio mdogo, kama mtu amevunja kijiti. Kichwa cha bolti kikaanguka mchangani, na mwili wake ukabaki ndani.

Fundi akasema ni bahati mbaya, akaenda ya pili. Ikakatika vilevile.

Mzee Kibwana aliinama, akaokota vile vichwa viwili, akavigeuzageuza kiganjani. Kisha akasema taratibu kwamba sasa ameelewa. Mashine imevunjwa makusudi mbele yake ili isifunguke, na ushahidi ubaki ndani milele.

Nikawaka. Mnajua hasira zangu. Nikamwambia mzee wa watu, ambaye mwanawe yuko kaburini, kwamba kama anatuona wahuni angekuja na fundi wake mwenyewe tangu mwanzo. Athumani akanishika mkono. Mzee hakupandisha sauti hata kidogo. Akasema vizuri, tutakwenda kwa fundi wake, Temeke, sasa hivi, na mashine haitatoka machoni mwake hata akienda haja.

Pantoni

Tukakodi kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo. Dereva na mimi mbele, Mzee Kibwana na Athumani nyuma na mashine katikati yao. Nilimwomba mzee akae mbele, akakataa. Nikiangalia kwenye kioo nilikuwa namwona ameweka kiganja juu ya turubai, na Athumani upande wa pili anaangalia barabara.

Tungepita darajani tungefika mapema, lakini dereva alikuwa na abiria wake wa kumpitia Magogoni, nasi tulikuwa tumekwisha kupanda. Tulipofika kivukoni tukakuta linafanya kazi pantoni moja, nalo limesimama upande wa pili. Tukakaa kwenye foleni muda wa saa tatu kasoro. Jua lile mnalijua.

Watu walikuwa wanakuja kuangalia mzigo. Wa kwanza aliuliza kama tunauza. Wa pili alitushauri tuimwagie soda ya kola, bolti zitalegea zenyewe. Wa tatu akasema kola ni uongo, dawa ni mafuta ya breki. Wakabishana wao kwa wao, wakatusahau. Kisha akaja mama anayeuza mihogo ya kukaanga, akamtazama Athumani kwa muda mrefu mno.

"Wewe si ndiye ulirudi peke yako?" akamuuliza.

Athumani akasema ndiye. Yule mama akatikisa kichwa, akafunga mihogo kwenye gazeti, akampa mzee, akakataa kulipwa. Sisi wawili hakutupa wala hakutuuliza kama tunataka. Mzee aliishika ile mihogo mpaka ikapoa. Hakuila. Tulipoingia kwenye pantoni nikaona ameiweka juu ya mashine, upande wa Athumani, na yeye ametoa mkate wake na kuuma kidogo kidogo akiwa ameelekea majini.

Athumani hakuigusa ile mihogo. Nilitaka kumwambia ale, maana tangu asubuhi hakuwa ameweka kitu tumboni, lakini mambo ya wazee wa pwani sikuwahi kuyamaliza. Sikujua kama ule ulikuwa ukarimu au mtihani.

Temeke

Fundi wa Mzee Kibwana alikuwa na gereji ya magari si mbali na Mtoni, chini ya bati, mwanamume mnene mwenye maneno mengi. Alituambia bolti hazimsumbui, ametoa bolti kwenye malori. Akatuonyesha kifaa chake: kijichuma chenye nyuzi kama za skrubu, ila zimegeuzwa kinyume. Unatoboa tundu katikati ya kisiki cha bolti kwa drili, unakipigilia humo, unazungusha, na kisiki kinatoka chenyewe. Kwa maneno ilipendeza.

Alianza na bolti nzima akapata moja, ikatoka ikilia. Mzee akaipokea, akaitia mfukoni pamoja na vile vichwa viwili. Halafu fundi akahamia kisiki cha kwanza. Akatoboa, akapigilia kile kijichuma, akazungusha. Kilikaza. Nikamwambia kwa sauti ya upole aende polepole. Akaniuliza mimi nafundisha somo gani. Nikamwambia jiografia. Akasema basi nimwachie chuma.

Kikakatika humo humo ndani ya kisiki.

Kwa msiojua, pale ndipo mtu anapokata tamaa. Kile kijichuma ni kigumu kuliko drili yenyewe, huwezi kukitoboa. Tulikuwa na bolti mbili zilizokatika, moja ina chuma kingine kilichokatikia ndani yake, na bolti tatu ambazo hakuna aliyezigusa. Fundi akafuta mikono, akasema mashine hii imeshaoza, tukaitupe.

Mzee Kibwana akakaa juu ya rimu ya tairi. Kwa mara ya kwanza niliona kwamba ni mtu mzima sana. Alikuwa amemchagua fundi huyu mwenyewe, na fundi ameharibu kuliko yule wa kwangu. Nilijua ningeweza kumrudishia maneno yake ya asubuhi, neno kwa neno. Nilikuwa nayo mdomoni. Yeye akaniwahi.

"Nimekosea, mwalimu," akasema. "Zinakatika zenyewe. Sikuwa najua."

Nikaona haya kwa yale niliyokuwa nimeyaandaa.

Jioni ilikuwa imeingia. Mzee akasema mashine italala kwake Mtoni. Athumani akasema ikilala kwake na yeye atalala hapo hapo, asije mtu akatia mkono. Nami sikuweza kumwacha shemeji yangu kwenye nyumba ile peke yake. Basi tukalala wanaume watatu sebuleni kwa Mzee Kibwana, mashine katikati juu ya magazeti, ikinuka petroli na magamba ya samaki. Ukutani palikuwa na picha ya Seif amevaa suti ya kuazima, mikono ya koti imemzidi, anacheka. Niligeukia upande wa mlango.

Asubuhi mke wa mzee, Bi Tatu, alituletea chai na vitumbua. Aliliweka sinia chini bila kumtazama Athumani, wala hakunitazama mimi. Aliitazama mashine. Akaizunguka, akatoka.

Mabibo

Kati ya fundi wa Temeke na majirani waliochungulia, jina moja lilitajwa mara tatu: Fundi Neema wa Mabibo, mchomeleaji, anayetoa bolti zilizoshindikana. Tukapanda kirikuu kingine. Sasa Athumani na mzee walikaa upande mmoja, maana mvua ilikuwa inanyesha na turubai lilikuwa moja.

Banda la Neema liko nyuma ya soko, kwenye uchochoro uliojaa maganda ya ndizi na matope. Ni mwanamke wa Singida, wa makamo, mfupi, sauti yake ndogo kiasi kwamba unainama kumsikia. Aliiangalia mashine bila kuigusa. Akauliza nani alitia kijichuma kile. Mzee akasema ni fundi wake. Neema akasema haya.

Umeme ukakatika kabla hajaanza. Tukakaa toka saa nne mpaka saa tisa alasiri.

Katika kukaa kule nikajifunza anavyofanya kazi, kwa sababu yeye hakukaa. Zile bolti tatu nzima hazikuhitaji umeme. Aliwasha mtungi wa gesi, akapasha moto pembeni ya bolti, si bolti yenyewe, huku akipapasa kwa kidole kilicholowa mate kujua joto limefika wapi. Alituambia kifuniko ni cha alumini, ukizidisha kidogo kinayeyuka kama samli na hapo hakuna tena cha kufungua. Chuma na alumini vikikaa pamoja kwenye chumvi vinaota unga mweupe, na unga huo unabana kuliko saruji. Bolti ilipopata moto akaigusisha mshumaa. Nta ikayeyuka, ikanyonywa ndani kwenye nyuzi. Akagonga kichwa cha bolti kwa nyundo ndogo, mara nyingi, polepole. Akaweka spana, na badala ya kufungua, akakaza.

Athumani akauliza mbona anakaza.

"Wote mnazilazimisha zitoke," akasema Neema. "Kwanza unairudisha kidogo ilikotoka. Ikikubali kusogea huko, itakubali na huku."

Alikaza unywele mmoja, akalegeza unywele mmoja, akapasha moto tena, akaweka nta tena. Bolti moja ilimchukua muda wa mtu kwenda sokoni, kununua ndizi, kupika na kula. Kweli tulinunua: mama wa jirani alituletea ndizi na nyama kwenye sahani moja kubwa, maana hakuwa na sahani nyingine. Tukanawa. Mzee Kibwana akaitazama sahani, akamtazama Athumani, akasema bismillahi, akala. Mikono yetu mitatu ilikuwa kwenye sahani moja. Athumani alikula akiwa ameinamisha uso, na niliona machozi yanamdondokea kwenye mkono.

Saa tisa umeme ukarudi, na bolti zote tatu zilikuwa zimetoka nzima. Vikabaki visiki viwili. Neema akaweka nati juu ya kisiki, akachomelea kupitia tundu lake mpaka nati na kisiki vikawa kitu kimoja, akaacha ipoe, akashika ile nati kwa spana. Kisiki kile kisicho na kitu ndani kilitoka mara ya pili. Kile chenye kijichuma kilikataa. Nati iling'oka mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mara ya nne Athumani akatoka nje kwenye mvua. Mara ya tano Neema mwenyewe akakaa chini, akanywa maji, akatazama juu kwenye bati. Mara ya sita, kidogo kidogo, kisiki kikaanza kuzunguka.

Mzee Kibwana akamwita Athumani ndani. Alimwita kwa jina lake, mara ya kwanza tangu nimjue.

Ndani

Neema aligonga kifuniko kwa kipande cha mbao, kikaachia. Akampisha mzee atazame kwanza.

Alimwonyesha kwa bisibisi, taratibu, kama anavyofundishwa mtoto. Hizi ni kuta za silinda, mzee. Angeendesha kwa petroli kavu zingekuwa zimekwaruzika hapa na hapa. Pitisha kidole. Hiyo ni oili, imo mpaka leo. Kisha akahamisha bisibisi pembeni, kwenye njia za maji zinazoizunguka silinda. Hazikuwepo. Palipokuwa na njia palikuwa pamejaa kitu cheupe cha kijivu, kigumu, kimeshindiliwa kama ugali uliolala sufuriani. Maji yalikosa pa kupita. Mashine ilichemka mpaka ikakwama.

"Aliyeendesha hana kosa," akasema Neema.

Athumani alikaa chini palepale kwenye matope akalia kwa sauti, mtu mzima. Mzee Kibwana alisimama juu yake kwa muda. Kisha akamwekea mkono kichwani, akauacha hapo.

Neema alikuwa bado anakwangua. Akauliza, bila ubaya wowote, kama mashine ilikuwa haioshwi.

"Tulikuwa tunaiosha kila siku, dada," akasema Athumani. "Kila siku. Muulize shemeji, pipa liko kwake."

"Kwa maji gani?"

"Ya kisima."

Neema akachukua punje ya kile kitu cheupe, akaigusisha ulimini, akatema. Akasema tulikuwa tunaosha chumvi kwa chumvi, na mashine ikiwa ya moto, chumvi ya yale maji ikawa inaganda humo kila siku juu ya iliyoganda jana. Kisha, kwa kuwa ni mwanamke mwema, akaongeza kwamba visima vya pwani ndivyo vilivyo, mtu huwezi kujua.

Mzee Kibwana akavuta pumzi. Akasema basi, ni kazi ya Mungu, Jumamosi atasema hivyo mbele ya watu. Akaanza kukunja turubai.

Hapo ndipo ningeweza kunyamaza, rafiki zangu. Kila mtu alikuwa amekwisha kunipa njia ya kutokea. Athumani amesafika, mzee ameridhika, fundi amesema mtu huwezi kujua. Nilikuwa nimebakiwa na kazi moja tu, nayo ni kushika upande mmoja wa mashine na kuibeba.

Lakini mimi nilikuwa najua. Mwaka jana, siku moja, Athumani alikuwa amekwenda kununua nyavu, na Seif alikuwa peke yake kwenye pipa. Alijaribu kunawa mikono kwa yale maji, akaniita. Akasema, mwalimu, maji yako haya hayatoi povu. Akaniuliza kwa nini tusitumie maji ya tangi la simtanki, yale tunayonunua kwenye gari la boza. Nikamjibu kwamba maji ya boza ni ya kunywa watu, na mashine haiogi na sabuni. Akacheka sana. Alikuwa anapenda jibu la namna hiyo. Akaniambia sawa bosi, akaiwasha. Kesho yake nilimkuta anataka kufungua koki ya simtanki, nikaenda dukani nikanunua kufuli.

Nikayasema haya yote pale bandani, mvua inagonga bati, nikiwa nimesimama na mikono mifukoni. Hakuna mtu duniani aliyekuwa anayajua isipokuwa Seif. Athumani alinitazama kana kwamba anajaribu kukumbuka mimi ni nani. Neema akazima mtungi wa gesi.

Mzee Kibwana aliliweka turubai chini. Alitoa mfukoni bolti na vichwa alivyokuwa ameviokota tangu Mjimwema, akavipanga kwenye meza ya Neema pamoja na vingine, akahesabu mpaka vikatimia sita.

"Mimi nilikuja kutafuta oili, mwalimu," akasema. "Oili nimeiona. Hayo mengine usiniambie mimi. Kamwambie mama yake."

Kurudi Mtoni

Foleni ya Mandela ilitushika, na ndiyo ile niliyowatajia, kwa hiyo hapo sikuwadanganya. Mashine ilikuwa wazi, kifuniko chake kimefungwa kwenye rambo la mkate wa mzee. Tulipofika mzee alisema iingizwe ndani, ikae pale mpaka arobaini ipite. Iko huko mpaka leo. Athumani aliibeba na mzee. Mimi sikuambiwa nishike.

Tulilala tena pale, na Ijumaa asubuhi Bi Tatu alikuwa uani, kwenye mkeka, na ungo wa mchele mapajani, anachambua mchele wa dua ya kesho. Magunia mawili yalikuwa pembeni. Mzee akaniletea kigoda kidogo, akaingia ndani, akafunga mlango.

Nikamweleza. Nilianza na bolti, nikaona najizungusha, nikaenda moja kwa moja kwenye pipa, kisima, povu, jibu nililompa mwanawe, na kufuli. Nilimwambia alivyocheka. Sijui kwa nini nilimwambia hilo. Hakuinua uso. Vidole vyake vilikuwa vinatembea kwenye mchele muda wote, vinaokota mawe na chuya, vinaweka kando.

Nilipomaliza alitikisa ungo.

"Hayo maji ya kisima," akasema, "nyumbani kwako mnayanywa?"

"Hapana, mama."

"Mnapikia?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Yana chumvi," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa. Akaokota kijiwe kimoja, akakiweka pamoja na vingine, akaniambia nisogee kidogo, namzibia mwanga.